Dirisha la Paris, Ngazi ya Shangani

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wa sanaa na mafundi, ghorofani kwenye nyumba moja ya Shangani, Unguja. Nimeyaandika karibu na yalivyotoka mdomoni, nikaacha tu pale nilipokohoa na pale mwadhini alipotunyamazisha.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mafundi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa kuwa viti vimekwisha. Msione mmedhulumiwa. Huo mkeka mlioukalia nitaurudia baadaye, maana una haki kwenye mazungumzo haya kunishinda mimi.

Nimeitwa nizungumzie sanaa ya dhahania. Nilikubali haraka, usiku wake nikakosa usingizi kwa sababu ya neno lenyewe. Dhahania. Ukilitamka tu unasikia dhana ndani yake. Unamwona mtu kafumba macho, kajishika paji la uso, anatunga kichwani kitu kisichokuwepo duniani. Na ndivyo watu wanavyotufikiria sisi tunaopaka umbo moja jekundu juu ya ubao mweupe, basi, tukasema kazi imekwisha. Nina jirani kule Ng'ambo, mtu mwema sana, huja akasimama mlangoni pa karakana yangu, akatazama, akatikisa kichwa. "Fundi, hichi nini?" Nikamwambia siku moja: hicho kivuli cha mlango wa choo chako, saa kumi alasiri. Akacheka mpaka akakaa kitako. Alidhani namfanyia mzaha. Wallahi sikufanya mzaha. Kilikuwa kivuli cha mlango wa choo chake.

Basi leo nataka niwaeleze habari za mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo maisha yake yote, akapaka rangi na akatengeneza sanamu, na umri wote huo akashikilia kwamba maumbo yake ameyaona, hakuyazua. Jina lake Ellsworth Kelly. Mmarekani, amezaliwa 1923 mji wa Newburgh, jimbo la New York, akafariki Desemba 2015 akiwa na miaka 92. Wako wengine ningeweza kuwachagua. Huyu nimemchagua kwa sababu nikisoma namna alivyofanya kazi, naona ninayoyaona kwa mafundi wa hapa kila siku, ila wa hapa hakuna aliyewaambia kwamba wanachofanya kina jina.

Utoto wake nitaupita mbio. Bibi yake alimfundisha kutazama ndege, na mtu aliyezoea kungojea ndege atokeze rangi kidogo kati ya majani keshafundishwa nusu ya uchoraji. Vita ilipokuja aliingia jeshini, 1943, akaomba mwenyewe apelekwe kikosi cha kuficha mambo kwa rangi na vitambaa. Kikosi hicho kikaungwa na jeshi la hadaa. Nalisema kweli, lilikuwepo: watu kama 1,100 waliopelekwa Ulaya 1944 na vifaru vya mpira vinavyojazwa upepo, ili Wajerumani waone jeshi pahala ambapo jeshi halipo. Hebu fikirini kijana wa miaka 21 anajifunza kazi hiyo. Kitu chochote ukikitazama kwa mbali, kivuli chake ndicho kinachokisaliti. Kifaru cha mpira hakina uzito, lakini kivuli chake chini ni kivuli cha kifaru. Mimi naamini hapo ndipo mtu huyu alipoanza kuvitazama vivuli kama vitu.

Baada ya vita serikali yao iliwalipia askari masomo, akasoma Boston kuanzia 1946 hadi 1948. Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo. Kitambaa hiki nilichokitandika mezani, ambacho wengi wetu ndicho tunachokivuta kwenye fremu tukapaka rangi kwa kuwa kanvasi ya dukani bei yake haishikiki, mabibi zetu walikiita amerikani. Kimeitwa hivyo kwa sababu karne ya 19 kililetwa hapa na merikebu za Salem, bandari iliyo jirani na Boston. Marekani ikaweka balozi wake mdogo Unguja 1837, na biashara yenyewe ilikuwa hiyo: wao walete nguo, wachukue pembe, sandarusi na karafuu. Kwa hiyo kabla Kelly hajazaliwa sisi na upande ule tunajuana, tena kwa kitambaa. Turudi.

Oktoba 1948 akaenda Paris. Alijiandikisha skuli kubwa ya sanaa na hakuisumbukia sana. Alizunguka tu. Akaingia kwenye majumba ya makumbusho, akatazama picha, na mwaka 1949 akiwa ndani ya jumba la sanaa za kisasa akagundua jambo la kuaibisha kidogo: madirisha makubwa ya lile jumba yanamvutia kuliko picha zilizotundikwa baina yake. Madirisha marefu, membamba, yenye vyuma vilivyogawa vioo. Sasa mchoraji wa kawaida angefanya nini? Angekaa, angechora dirisha, angetia anga nje, paa la nyumba ya pili, na ndege ikibidi. Kelly hakuchora dirisha. Alilitengeneza. Alichukua vipande viwili, akaviunga kimoja juu kimoja chini, cha juu cheupe, cha chini cha kijivu, akatia mistari myeusi ya fremu pale ilipokuwa kwenye dirisha lenyewe. Urefu wake kama mita moja na robo, upana nusu mita. Hakuna anga. Hakuna kioo. Ukikitazama hujui unatazama mchoro au seremala kakisahau hapo ukutani.

Baadaye alieleza kwamba tangu siku zile uchoraji alioujua ulikwisha kwake. Kila alichokiona kikawa kitu cha kutengenezwa, na sharti lake kiwe vilevile kilivyo, asiongeze lolote. Hii "asiongeze" naomba muishike, maana sisi ugonjwa wetu ni kuongeza. Tukipaka bahari tunatia jahazi. Tukitia jahazi tunatia mnazi. Mnazi ukishakuwepo tunaona pembeni kuna uwazi, tunamtia na mwanamke kajitanda kanga.

Alisema vilevile kwamba anataka kutengeneza vitu visivyokuwa na sahihi wala jina la mtu. Nilipolisoma hilo nilitoka nje nikaenda kutazama milango. Nyinyi mnaipita kila siku mkienda kazini. Fundi wa mlango haandiki jina lake. Juu ya kizingiti ataandika aya, pengine na mwaka, halafu atashuka kwenye mfaa, ule mti wa katikati, na hapo mkono wake ndipo unapoonekana: mnyororo, mawimbi, ua moja linalorudiwa na kurudiwa mpaka likaacha kuwa ua. Hebu tazameni mawimbi yale vizuri. Nani kati yenu kaona wimbi la namna ile pwani? Hayupo. Lakini nani haoni kwamba ni wimbi? Fundi kaliona, kaondoa maji, kaondoa povu, kaacha kupanda na kushuka. Na hatumwiti msanii wa dhahania. Tunamwita fundi, tunamlipa kwa futi.

Sasa ngazi.

Kiangazi cha 1950 Kelly alikaa kwenye nyumba moja ya magharibi ya Ufaransa, nyumba inaitwa La Combe. Nje yake palikuwa na ngazi ya chuma yenye mkono wa kushikia, na jua likipiga, vivuli vya ule mkono vinaangukia kwenye madaraja. Akavitazama kutwa. Akavipiga picha, akavichora saa hii na saa ile. Na mnajua kivuli kikianguka kwenye ngazi kinafanya nini: hakishuki moja kwa moja. Kinavunjika. Daraja la kwanza kinakwenda kushoto, kikifika ukingoni kinakatika, kinaanza upya daraja la pili mbele kidogo au nyuma kidogo. Yeye akachukua kila daraja kuwa kipande peke yake, akavilaza vyote vikawa bapa, kimoja baada ya kimoja. Matokeo yake ni mistari inayorukaruka, haina kichwa wala miguu, utasema kaipiga mtu mwenye homa. Kazi ya pili ya ngazi hiyohiyo akaifanya kiwambo cha kukunja cha mbao tisa, na hapo sasa si picha tena, maana kinasimama chenyewe sakafuni, wala si sanamu hasa. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumpangia upande.

Nilipolijua hili nilikuwa na miaka kama arubaini, nimeshachora milango ya Mji Mkongwe mia na zaidi kwa ajili ya watalii, na nimechoka mpaka brashi ikawa inachora yenyewe nami nafikiria ada za watoto. Nikasema nijaribu. Nyumba niliyokuwa nikikodi chumba ilikuwa na ngazi ya mbao, kali kama kawaida ya nyumba zetu hizi, inayopanda kutokea uani, na viguzo vya pembeni vimechongwa. Nikakata karatasi kipimo cha kila daraja. Nikazilaza. Nikakaa chini na penseli nikafuatisha kivuli kilipo, nikaandika saa pembeni.

Nawaambieni, kazi rahisi ile, lakini ilinitia adabu. Daraja la kwanza nimemaliza, nafika la nne, nikirudi kutazama la kwanza kivuli kimeshaondoka upana wa vidole viwili. Jua halikungoji. Kwa hiyo ile picha yako ya ngazi "saa kumi" ni uongo, ni saa kumi chini na saa kumi na robo juu. Siku ya pili nikabadilisha, nikaanzia juu. Siku ya tatu mtoto wa mwenye nyumba akapita mbio akakanyaga daraja la sita, alama ya kidole gumba ikabaki kwenye karatasi, nikataka kumkemea, kisha nikaona ile alama ndiyo pekee iliyo hai katika kazi nzima. Nikaiacha. Kelly asingeiacha, yeye alikuwa mtu wa usafi. Mimi niliiacha, na kazi ile ndiyo ya kwanza kuuza kwa mtu wa hapa hapa, mwalimu wa skuli, kwa malipo ya miezi minne.

Nimesema nitaurudia mkeka. Hebu inukeni kidogo mtazame mlichokalia.

Mwaka 1951 Kelly alinunua Paris karatasi za rangi zenye gundi nyuma, zile za watoto wa skuli kukata na kubandika. Alikuwa akisomesha watoto skuli ya Wamarekani mjini humo, kwa hiyo yule anayesema "hata mwanangu anaweza" hajakosea sana, vifaa vilikuwa vya mwanawe. Akazikata miraba midogo. Kisha, badala ya kukaa akajiuliza buluu ikae wapi na njano ikae wapi, akatia nambari na akapiga kura. Ilipotoka ndipo ilipobandikwa. Jicho lake likanyimwa ruhusa ya kuchagua. Miraba iliyobakia akaipanga safari hii kwa mkono wake, na kutokana na mpango huo akatengeneza kazi kubwa inayoitwa Colors for a Large Wall: vipande 64, nane kwa nane, kila kimoja rangi moja tu, jumla mita mbili na nusu hivi kila upande. Kila rangi ina ubao wake, na ukingo wa rangi ni ukingo wa ubao. Hakuna mstari uliochorwa kati ya nyekundu na nyeusi. Mstari ni ule ufa kati ya ubao na ubao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mpemba, wa kaskazini. Mimi nilikuwa nikipelekwa kwake likizo, na kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na chungu. Anachemsha miyaa, yale majani ya ukindu, kwa rangi, ya kijani leo, ya zambarau kesho, anaianika, kisha anasuka ukili. Ukili, kwa mgeni asiyejua, ni ule utepe mrefu. Mkeka hausukwi mzima, unasukwa utepe ukazungushwa kama gurudumu, hata pima kadhaa, ndipo baadaye unashonwa ukingo kwa ukingo. Sasa bibi akisuka ule utepe, yeye haoni mkeka. Anaona vidole vinne vya upana. Ua linakuja kutokea siku ya kushona, pale nyekundu ya utepe huu inapokutana na nyekundu ya utepe wa pili, au inapokosana nayo. Nikamuuliza wakati mmoja, bibi, kwa nini hapa kijani kimekatika ghafla kikaja zambarau? Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Kijani kimekwisha chunguni." Hiyo ndiyo kura yake. Miyaa iliyobaki ndiyo iliyoamua, na yeye kazi yake ilikuwa kuikubali kwa mkono uliotulia.

Siwaambii kwamba bibi yangu ni Kelly, wala kwamba Kelly kaiba kwa bibi yangu. Hilo ni gumzo la barazani na tumelichoka. Nachosema, mtu akikwambia sanaa ya namna hii ni ya kigeni, mwambie ainuke kwenye mkeka.

Tuje kwenye ufundi wenyewe, maana naona mafundi wameanza kutazama saa.

Rangi moja juu ya ubao mmoja ni kazi ngumu kuliko jahazi na mnazi, kwa sababu hakuna pa kujificha. Kelly alipaka rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka mpaka mkono usionekane, hakuna mfuo wa brashi, hakuna pa kung'aa na pa kufifia. Mimi nafanya hivi. Nachukua plaiwudi ya baharini, ile ya kawaida ikinusa masika tu inajikunja kama chapati. Naipaka chaki na gundi mara tatu, kila mara napiga msasa. Halafu rangi, nyembamba, mara ya kwanza kwa urefu, mara ya pili kwa upana. Kaskazi ikivuma siku tatu inatosha baina ya tabaka na tabaka. Masika ngojeni wiki, na msikazane, maana rangi iliyokauka juu na mbichi chini itakuja kupasuka miezi sita baadaye, wakati ambao keshakulipa mtu na keshaitundika. Tabaka la saba ndipo naanza kuijua rangi yangu. Nyekundu hasa inadanganya. Ndani ya karakana nyekundu, ikitoka nje juani inakuwa ya machungwa. Siku hizi natoa ubao nje kwenye ukuta wa chokaa, nautazama saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi na moja, ndipo naamua.

Na kingo. Pigeni msasa kingo! Nimeona kazi nzuri zimeharibiwa na ukingo uliotoka vinyuzi. Katika kazi za namna hii ukingo ndio mchoro wenyewe.

Upande wa sanamu nitakuwa mfupi, isipokuwa pale nilipoumia. Kelly alirudi New York 1954, na mwaka 1957 akapewa ukuta wa jengo la usafiri mjini Philadelphia. Akatengeneza vipande 104 vya alumini, vingine vyenye rangi na vingine vimeachwa na mng'aro wa madini, vimeshikwa kwenye vyuma mbele ya ukuta, urefu karibu mita 20. Fikirini kituo cha daladala, watu wanangoja gari na mizigo yao, juu yao kuna kitu kile. Leo kipo jumba la makumbusho New York. Sanamu nyingine alizianzia kwenye kitu kidogo cha karatasi. Ile ya 1959 inayoitwa Pony ilitokana na kifuniko cha kikombe cha kahawa alichokikunja mkononi. Kutoka hapo mpaka alumini kubwa. Kwa hiyo msitupe vifuniko.

Baadaye akafanya vipande vikubwa vya chuma kisichopakwa rangi, kile cha aina maalumu kinachoshika kutu juu juu, kutu ikashikamana ikawa ngozi, ikazuia kutu nyengine isipenye. Kinapendeza, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nikaona kwenye kitabu, nikakitamani. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ikanitaka kitu cha kusimamisha mbele ya ukuta wao mweupe, nikaona ndiyo nafasi. Nikaenda kwa fundi wa kuchomea, tukakata shiti la chuma cha kawaida kwa umbo la tanga linaloanza kukata upepo, mita tatu kwenda juu. Nikawaambia wenye hoteli kwa kiburi kabisa: kutu itakuja, msiogope, itasimama.

Haikusimama. Chuma changu cha kawaida si kile chuma cha Kelly, hilo moja. La pili, hata ningepata chenyewe, hewa ya chumvi haikiachi kikatulia, chumvi inaila ile ngozi kila inapotaka kushika. Masika mawili tu kikaanza kubanduka maganda kama mihogo, na maji ya kutu yakachirizika ukutani mistari ya kahawia mpaka chini. Mwenye hoteli aliniita akanionesha ukuta, hakusema neno. Malipo ya mwisho mpaka leo sijayaona, wala sijayadai. Nilikwenda kukieleza kisa changu Nungwi kwa fundi mmoja mzee wa majahazi, nikitaraji pole. Akaniuliza: "Ulikitia nini?" Nikasema sikukitia kitu. Akaguna. Wao chombo hakigusi maji kabla hakijakalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, kikapakwa sifa, yale mafuta ya papa, juu na deheni chini, shahamu na chokaa, na kila baada ya muda kinapandishwa kikapakwa tena. Akasema, "Bahari huipi kitu kikiwa uchi." Tangu siku ile chuma changu kinapakwa rangi ya zinki kwanza, au natumia alumini, au mvule nikiupata.

Na kipimo kitoke kwenye kifaa. Mnajua kwa nini vyumba vya nyumba hii vyembamba na virefu? Boriti. Mkoko una urefu wake, ukishavuka hapo hauchukui dari, basi mjenzi akafuata mti. Ndiyo maana ukiingia nyumba yoyote ya mji huu, mwili wako unajua uko Unguja kabla macho hayajajua. Mimi siku hizi nakata mbao zangu kwa upana wa chumba cha boriti. Sijawahi kumweleza mnunuzi sababu.

Pesa sasa, kwa kuwa najua ndilo swali mnalolishikilia.

Kelly alionesha kazi zake Paris 1951. New York onyesho lake la kwanza peke yake lilikuwa 1956, anakaribia miaka 33. Ule ukuta wa miraba 64 niliowaeleza, alioutengeneza akiwa na miaka 28, alibaki nao mwenyewe miaka na miaka. 1969 akautoa zawadi kwa jumba la makumbusho la New York lile lile lenye vipande vya alumini. Mtu aliyeshinda tuzo kubwakubwa na kuoneshwa jumba zima la makumbusho la Guggenheim, New York, 1996, kazi yake bora ya ujana aliitoa bure, imeshakaa naye miaka kumi na minane. Kuanzia 1970 akahamia kijijini, Spencertown, akafanya kazi huko hadi mwisho, na muda wote huo akiendelea kuchora majani na maua kwa penseli, mstari mmoja wa ukingo, bila kivuli. Jani la mfenesi lingempendeza, kubwa, halina fujo.

Sisi tunaye wetu wa kumtazama pia: Lubaina Himid, kazaliwa hapa 1954, kachukuliwa Uingereza akiwa mchanga, na 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huko Uingereza, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata, akiwa na miaka 63. Yeye anapaka watu, si miraba, lakini mwaka 2004 alisimamisha watu mia moja wa mbao waliopakwa rangi, unatembea kati yao, na kanga zinaonekana kwenye kazi zake waziwazi. Hesabuni miaka: 63.

Kwa wachoraji wa vichochoroni sina dharau. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 na rangi za kupakia baiskeli alikuwa anatazama na anachagua, na alikufa 1972, miaka minne tu ya kazi. Kinachonikera ni siku dalali aliponijia akaniambia picha zangu zingetoka haraka nikitia twiga. Twiga! Nikamwambia twende nikakuoneshe kisiwa chote, ukimpata twiga mmoja nitamchora bure. Akaniambia, "Mzee, mgeni hajui kwamba hayupo." Na alisema kweli, huyo ndiye aliyejenga nyumba kabla yangu.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Kelly uzeeni alikuwa akivuta oksijeni kwa mpira, mapafu yake yaliharibika, na mvuke wa tapentaini aliokaa nao miaka mingi ndio uliotajwa. Nyinyi mnafanya kazi kwenye vyumba vya boriti, dirisha moja, mnafunga kwa ajili ya vumbi. Fungueni. Thina msioshee mikono. Vumbi linapigwa msasa, pafu halipigwi msasa.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake alitoa ramani ya jengo dogo alilolifikiria tangu miaka ya themanini, likajengwa Texas na kufunguliwa Februari 2018, yeye keshakufa. Ndani mna vipande vyeusi na vyeupe vya marumaru, nguzo moja ya mti, na vioo 33 vya rangi. Kuta nyeupe. Jua likipita kwenye vile vioo, rangi zinaanguka sakafuni na zinatembea kutwa, buluu inapanda ukutani, njano inateleza chini. Yule aliyekaa 1950 akikimbizana na kivuli kwenye ngazi, mwisho aliacha jua lifanye kazi lenyewe.

Naona saa kumi imegonga. Karatasi nimezikata tayari, zimo kwenye bahasha pale mlangoni, nambari moja mpaka kumi na sita kwa madaraja ya ngazi ya nyumba hii. Mwenye nyumba ametupa ruhusa mpaka magharibi. Wawili wawili kila daraja, mmoja ashike penseli, mwengine aandike saa. Anayevaa viatu avivue. Wa daraja la kwanza washuke sasa hivi, kivuli cha kiguzo cha chini kimeshafika ukingoni, nakiona kutoka hapa.